Kilosa hadi Mikumi: Hesabu peke yake haihamishi watu

IJUMAA ya tarehe 8 Desemba, 2000, ilikuwa ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, mwaka 1421 Hijiria. Siku hiyo, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji. Miongoni mwa wasomaji wetu wapo waliokuwa watoto wadogo wakati ule, na wapo ambao hawakuwa wamezaliwa. Tunalikumbusha tukio hili si kwa nia ya kufukua makaburi, wala kulinyooshea kidole kabila la mtu, bali kwa sababu ni vigumu kupata mfano mwingine katika nchi yetu unaoonyesha waziwazi namna hiyo gharama ya kuwaongoza watu kwa akili bila moyo, au kwa moyo bila akili.

Kwanza tufahamu mgogoro wenyewe. Kilosa ni wilaya yenye neema. Upande wa magharibi imeegemea milima ya Ukaguru na Rubeho, mito inashuka kutoka huko, na chini yake zimetanda nyika za Mkata na mabonde yenye udongo mweusi. Wenyeji wa asili, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ni wakulima. Wafugaji wa Kiparakuyo na Kimasai nao wameishi humo kwa miongo mingi, na wana vijiji vyao vinavyotambulika, kama vile Twatwatwa. Juu ya hayo yakaja mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za ukoloni, ambayo mengine baadaye yalibaki kuwa vichaka huku watu wakigombania ekari moja moja pembezoni mwake.

Shida haikuwa uchache wa ardhi peke yake. Shida ilikuwa bonde. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka nyikani, na mfugaji hana budi kushusha ng'ombe kwenye majani mabichi na maji. Na ni wakati huo huo mkulima naye ameshuka bondeni kulima mahindi na mboga za kiangazi. Wote wawili wanapahitaji mahali pamoja, kwa miezi ile ile. Ng'ombe wanapoingia shambani, mkulima anaona chakula cha watoto wake cha mwaka mzima kikiliwa kwa saa moja. Ng'ombe hao wanapokamatwa na kutozwa faini, mfugaji anaona akiba yake, mahari ya wanawe na heshima yake mbele ya wenzake vikiwa vimefungwa kwenye zizi la watu wengine.

Watafiti watatu, Tor Benjaminsen wa Norway pamoja na Watanzania Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliyachunguza mauaji hayo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Walionyesha kuwa sera za miaka mingi ziliupendelea ukulima kuliko ufugaji, na kwamba rushwa iliwafanya watu wa pande zote mbili wasiwe na imani na vyombo vya kuamua. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Mtu asiyeamini kwamba atasikilizwa ofisini haendi ofisini. Ataamua mambo yake huko huko bondeni.

Baada ya msiba ule vikao vilifanyika vingi. Mipaka ilizungumzwa, ramani zilichorwa, mifugo ilihesabiwa. Hata hivyo mwezi Oktoba 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo, na mapema mwaka 2009 Serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa, ambayo watetezi wa haki za binadamu waliilalamikia kwa jinsi ng'ombe walivyokamatwa na wenyewe kutozwa faini kubwa. Kwa hesabu za kitaalamu operesheni ile ilikuwa na hoja: eneo lina uwezo wa kulisha ng'ombe kadhaa, waliopo wamezidi, kwa hiyo wapunguzwe. Hakuna anayeweza kuilaumu hesabu hiyo kama hesabu. Lakini mfugaji aliyeamriwa kuondoka hakuisikia hesabu. Alichokisikia ni kwamba yeye si mtu wa hapa, na neno hilo hakuna jedwali linaloweza kulifuta.

Na tusidhani kwamba kinyume chake ni bora. Wapo viongozi ambao hawana hesabu hata moja, wana machozi tu. Hawa hujitokeza zaidi wakati wa kampeni. Akiwa kwa wakulima hulia na wakulima, akawaahidi kwamba hatamwona ng'ombe tena bondeni. Akivuka mto hulia na wafugaji, akawaahidi malisho. Watu humpenda, kwani ameugusa moyo. Lakini ahadi zote mbili haziwezi kutimia katika bonde moja, na siku zitakapogongana yeye atakuwa mjini. Kwa maoni yetu huyu ana hatari kuliko yule wa operesheni, kwa sababu anawaachia watu hasira iliyokwisha kupewa baraka.

Hapa inatubidi turudi nyuma, kwenye mfano ambao familia nyingi za Kiislamu zinaujua kwa jina lakini pengine hazikuutazama kwa upande huu.

Mwaka wa 6 Hijiria, sawa na mwaka 628 Miladia, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Madina akiwa na masahaba wapatao 1,400. Walikuwa wamevaa ihramu, wana wanyama wa kuchinja, nia yao Umra. Makureshi waliwazuia, na pale Hudaibiya pakaandikwa mkataba. Vita visimame kwa miaka 10. Waislamu warudi mwaka huo bila kuiona Kaaba, na waje mwaka unaofuata. Mtu wa Makka atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya jamaa zake arudishwe, ilhali anayewakimbia Waislamu kwenda Makka harudishwi. Kabla wino haujakauka akatokea Abu Jandal akiburuta minyororo yake, amewatoroka watesi wake, naye ni mtoto wa Suhail bin Amr, yule yule aliyekuja kuandikiana mkataba kwa niaba ya Makureshi. Akarudishwa mbele ya macho ya Waislamu wote.

Msomaji na ajaribu kujiweka mahali pao. Umar bin Khattab (R.A.), ambaye hakuna anayeitilia shaka imani yake, alimwendea Mtume akauliza maswali makali, kisha akamwendea Abu Bakr (R.A.) akauliza maswali yale yale. Halafu Mtume akawaamuru masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa vichwa, maana yake safari imekwisha. Hakuinuka mtu. Akarudia mpaka mara tatu, hakuinuka mtu.

Hawa hawakuwa waasi. Ni watu ambao siku chache kabla walikuwa wamempa mkono wa kiapo chini ya mti. Wala hawakukosa maelezo. Kilichowazuia kuinuka kilikuwa ni majonzi. Mtume aliingia hemani kwa mkewe Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyomkuta. Bibi huyu hakumshauri atoe hotuba nyingine, wala hakumshauri awakemee. Alimwambia atoke, asimsemeshe mtu yeyote, achinje mnyama wake na kumwita kinyozi wake amnyoe. Mtume akafanya hivyo. Masahaba walipoona, waliinuka, wakachinja, wakawa wananyoana wao kwa wao, na riwaya inasema walikaribia kuumizana kwa huzuni waliyokuwa nayo.

Tazama mambo yalivyopangika. Mkataba haukubadilishwa hata herufi moja. Akili ilibaki pale pale ilipoamua. Majonzi ya watu nayo hayakuitwa ukosefu wa adabu. Kilichofanyika ni kwamba kiongozi aliutenda ule uamuzi mzito juu ya mwili wake mwenyewe, hadharani, na tendo lenyewe likawa ni jambo ambalo kila mtu angeweza kuliiga palepale kwa mikono yake. Ufafanuzi ulikuja baadaye, kwani sura ya Al-Fat-h iliteremka wakiwa njiani kurudi. Na miaka miwili tu mbele, mwaka wa 8 Hijiria, Mtume aliingia Makka akiwa na watu wapatao 10,000. Amani ile iliyowachoma moyo watu 1,400 ndiyo iliyofungua mlango huo.

Tukirudi Kilosa tukiwa na mfano huo mkononi, swali linakuwa jingine kabisa. Badala ya kuuliza kama ramani ya matumizi ya ardhi imechorwa sawasawa, tunauliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kunyoa. Je, diwani mwenye ng'ombe wake mwenyewe bondeni aliwatoa wake kwanza? Je, ofisa mwenye shamba kwenye njia ya mifugo alilirudisha kabla ya kuwaamuru wengine? Je, kuna kiongozi wa wakulima aliyekwenda matangani upande wa pili, au mzee wa wafugaji aliyekaa msibani Rudewa? Pale palipo na mambo ya namna hii mipaka hudumu hata bila alama za zege. Pasipo nayo, alama za zege hung'olewa usiku.

Kilosa imewahi kupata mtihani mwingine ambao haukuwa wa mtu na mtu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ziliufurisha Mto Mkondoa, kingo zikabomoka, bwawa la Kidete likapasuka, na maelfu ya watu wakapoteza nyumba na kuhamia kwenye mahema. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kufuata bonde hilo ilisombwa, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho kati ya Kilosa na Gulwe. Wahandisi wa reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, waliuzingatia mto huo, wakatoboa mahandaki katika vilima vya Kilosa. Kwa reli jambo hilo lilikuwa ni fedha na vipimo. Reli haina makaburi ya wazee wake.

Familia inayo. Yako makaburi, uko mwembe uliopandwa na babu, liko shamba la udongo wa mafuriko ambalo halihitaji mbolea, upo msikiti ambao watoto walihitimu juzuu zao ndani yake. Baba anayerudi nyumbani na kusema kwamba tunahama kwa sababu mto utarudi, yuko sahihi kwa kila kipimo. Lakini mama akinyamaza, na bibi akaanza kulia, na kijana akasema yeye habanduki, baba huyo asiharakishe kuwaita wajinga. Akae. Awaulize ni kitu gani hasa wanachoogopa kukiacha. Aghalabu atagundua kwamba wanachokililia si nyumba yenyewe. Bibi anataka kujua ni nani atakayefyeka makaburi. Mama anaogopa kununua mboga ambazo miaka yote amezichuma. Hofu kama hizo zikitajwa zinapata dawa: kulala juu na kuendelea kulima chini, siku maalumu za kwenda makaburini, bustani ndogo huko kwenye kiwanja kipya kabla ya nyumba kwisha. Zisipotajwa, familia itahama leo na kurudi bondeni masika yakiisha. Na pengine atakayeona njia ndani ya nyumba hiyo ni mama, kama alivyoona Ummu Salama ndani ya hema.

Ukitoka Kilosa mjini kuelekea Mikumi unapita tarafa ya Ulaya. (Ulaya hii si ile ya ng'ambo, ingawa wenyeji wake hawachoki kuwatania wageni kwa jina hilo.) Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa kuna mabadiliko magumu yaliyofanikiwa kwa kiasi kikubwa, na ni mabadiliko juu ya kitu kilicho katika jiko la kila msomaji wetu, yaani mkaa.

Kwa miaka mingi uongozi wa mkaa nchini ulikuwa ni wa marufuku. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima, na haikuchukua muda mrefu marufuku ikaondolewa, kwa kuwa miji haikuwa na nishati nyingine ya kupikia. Hesabu ya wataalamu ilikuwa sahihi: misitu inakwisha. Lakini mama wa Manzese aliyekuwa na watoto wa kuwapikia jioni hiyo naye alikuwa na hesabu yake.

Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA) na taasisi ya TaTEDO, kwa ufadhili wa Uswisi, walikwenda katika vijiji vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Kibaoni, Ulaya Mbuyuni na Ihombwa, na jambo tofauti. Kijiji chenyewe, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kilitenga msitu wake wa hifadhi, na ndani yake sehemu ndogo ya kuchoma mkaa. Sehemu hiyo iligawanywa katika vitalu vya mraba vya mita 50 kwa 50. Mwaka huu kinakatwa kitalu kimoja na cha jirani kinaachwa, mfano wa ubao wa drafti. Miti inakatwa bila kung'oa visiki, na miti ya miombo ina tabia ya kuchipua kutoka kwenye kisiki. Kitalu kilichokatwa hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Kingo za mito na miteremko mikali haiguswi kabisa. Mchomaji hulipa ushuru kwa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua fedha ziende wapi. Zimekwenda kwenye madarasa, zahanati na maji.

Hiyo ndiyo akili ya mpango ule, na ni akili nzuri. Lakini akili peke yake isingetosha, kwa sababu kijiji kiliambiwa kifunge sehemu kubwa ya msitu ambao watu walizoea kuuingia watakavyo. Kwa mtazamo wetu kilichouvusha mpango ni jinsi ulivyomtendea mchoma mkaa. Mtu huyu alikuwa akifanya kazi kwa kujificha. Akimwona askari wa misitu alikimbia na kuacha tanuri likiwaka. Kijijini alihesabiwa kuwa ni mharibifu, na hata wanawe walilijua hilo. Mpango ukamtoa msituni ukamweka kwenye kiti katika mkutano, ukampa leseni, mafunzo ya kujenga tanuri bora, na nafasi ya kusimama pale ushuru wake unapotajwa kwamba umejenga darasa. Mtu aliyepewa heshima ya kulinda kitu hukilinda. Na katika ile miaka 24 mna jambo la kifamilia: anayekata kitalu leo akiwa na mtoto mchanga nyumbani, kitalu hicho kitakapokuwa tayari, mwenye kushika shoka atakuwa ni mtoto huyo.

Tusitie chumvi. Sehemu kubwa ya mkaa unaoingia Dar es Salaam bado hautoki katika misitu iliyopangwa namna hii, na mkutano wa kijiji unaosikiliza kila mtu huchukua siku nyingi kuliko amri ya mkuu mmoja. Viongozi wengi hushindwa hapo hapo, kwenye subira. Hata hivyo tukilinganisha marufuku ya nchi nzima ya mwaka 2006 na vikao virefu vya Ulaya, hatuna shaka ni kipi kilichobakiza visiki vinavyochipua.

Mwisho wa barabara hii ni Mikumi, mji uliokua kwa ajili ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Hifadhi ina eneo la kilomita za mraba 3,230, na barabara hiyo inaikata kwa takriban kilomita 50. Kila abiria wa mabasi anayafahamu mabango ya kupunguza mwendo na ile orodha ya faini za wanyama. Mabango ni hoja, na dereva aliyechelewa huwa hana nafasi ya hoja. Ndiyo maana yakawekwa pia matuta. Wakati mwingine, baada ya kueleza na kubembeleza, kiongozi hubakiwa na kazi ya kuirekebisha njia yenyewe ili jema liwe rahisi kulitenda.

Kwa tembo mambo ni mazito zaidi. Sensa zilionyesha kwamba katika eneo lote la Selous na Mikumi tembo walishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013, kwa sababu ya majangili. Taifa lilishtuka, ulinzi ukaimarishwa, na mauaji yale yakapungua. Takwimu hizo zinamuumiza kila mpenda nchi. Lakini mkulima wa pembezoni mwa hifadhi aliyeamka na kukuta mahindi yake yamelazwa chini hahesabu tembo 13,000. Anamhesabu mmoja.

Katika jambo hili lugha yetu imekuwa na hekima kuliko nyaraka nyingi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa walioathiriwa na wanyama wakali, na malipo hayo hayakuitwa fidia. Kwa mazao yanaitwa kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kuuawa yanaitwa kifuta machozi, ambacho kwa kifo kanuni hizo zilikiweka kuwa shilingi 1,000,000. Majina hayo yanakiri kwamba hakuna bei ya mtu, na kwamba kinachotolewa ni mkono wa pole. Lakini machozi yana wakati wake. Malipo yakifika baada ya miezi mingi, yakiwa yamepitia fomu na mihuri ya ofisi tatu, shavu limekwisha kukauka na kilichobaki ni chuki, na mwenye chuki akimwona jangili akipita usiku hatampigia simu mtu yeyote.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kusubiri hazina. Sehemu mbalimbali za nchi wakulima wamejifunza kuzungushia mashamba kamba zilizopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili, kuchoma matofali ya kinyesi na pilipili wakati wa usiku, na kutundika mizinga ya nyuki. Njia hizi zina kazi, maana kamba hupakwa upya kila mvua inaponyesha, na shamba moja lenye uzio humhamishia tembo jirani asiye nao, kwa hiyo lazima wakubaliane wote. Kukubaliana huko ndiko kunakohitaji kiongozi: mwenyekiti wa kitongoji, imamu, mchungaji, mwalimu. Na askari wa wanyamapori anayepigiwa simu alfajiri, akafika kabla jua halijapanda, akazunguka shamba lote pamoja na mwenye nalo, akahesabu mistari ya mahindi iliyoangushwa na iliyosalia, ndipo akatoa fomu na kalamu.